Kuandika simulizi za vita za "ingekuwaje": mwongozo kwa anayetaka kuanza, mifano yote Kigoma na Tabora

Historia mbadala ina raha yake. Unachukua vita iliyopigwa kweli, unageuza kitu kimoja, alafu unaiacha dunia ishike njia nyingine, na msomaji anayejua ilivyokuwa anakuwa anasoma stori mbili kwa mpigo, ile unayomsimulia na ile iliyo kichwani mwake. Utamu wote uko hapo. Sasa waandishi wetu wengi wanaoanza wanaharibu mapema kabisa manake wanabadilisha kila kitu kwa wakati mmoja, Mirambo ana mizinga ya kisasa, Wajerumani wana ndege mia tatu, reli imefika Bujumbura, na mtoto wa mvuvi wa Kibirizi ni jenerali ana miaka 19. Hiyo sio ingekuwaje tena, hiyo umeamua tu kutunga.

Mimi nina jambo moja kubwa la kusema na mengine yote yanaizunguka hiyo: badilisha kitu kimoja, kidogo, alafu lipa gharama zake zote mpaka kitabu cha mwisho. Ukilipa vizuri huna haja ya kutafuta mfululizo utatoka wapi, unajileta wenyewe.

Na kwanini mifano ya huku kwetu, ni kwa sababu vita ya kwanza ya dunia ilipita hapa kweli na vitu vyake bado vipo, meli ipo, reli ipo, boma la Tabora lipo. Huna haja ya kwenda kutunga kuhusu miji ya Ulaya ambayo hujawahi hata kunusa.

Tuanze na njia panda

Njia panda ndo pale historia yako inapoachana na historia ya kweli. Kanuni yake wasomaji wa simulizi hizi wanaijua hata kama hawajawahi kuisema: kabla ya njia panda kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, mpaka siku na mwezi, baada ya hapo ni vyako. Iwe na tarehe. Iwe jambo ambalo lilikuwa karibu kutokea kweli. Na iwe ndogo, mtu mmoja kuishi, barua moja kufika, risasi moja kukosa.

Angalia Mirambo. Alifariki Desemba 1884, na muda huohuo wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin kwenye mkutano ulioanza Novemba 1884 ukaisha Februari 1885. Muongezee miaka kumi tu ya kuishi, basi, usiguse kingine. Wajerumani wanapokuja kuitaka Tabora hawamkuti Isike peke yake, maana kwenye historia ya kweli mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana nao mpaka Januari 1893, boma lilipoingiliwa akalipua ghala la baruti akiwa humohumo. Sasa Mirambo na watu wa Unyanyembe walikuwa na uhasama wa miaka mingi, kwaiyo usikimbilie kuwaunganisha sura ya pili wakakumbatiana, hapo ndo kwenye stori yenyewe, kitabu kizima cha kwanza kinaweza kuwa ni Mirambo mzee na Isike wanashindwa kukaa mkeka mmoja huku bunduki za Wajerumani zinakuja kutoka pwani.

Kuna njia panda nyingine inawavutia sana vijana, ile ya meli ya angani ya Wajerumani, L59, lile puto kubwa la gesi lenye injini. Novemba 1917 iliondoka Bulgaria na mzigo wa tani kama 15 kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, ikafika mpaka anga la Sudan, ikapata amri kwa redio irudi, ikarudi, jumla saa 95 hewani bila kutua na kilometa karibu 6,800. Kila mtu anasema ingekuwaje ingefika! Mimi naona kwa kava la kitabu ni nzuri, kwa njia panda ni dhaifu. Tani 15 ni kitu gani kwa jeshi lililobaki linahamahama porini kule kusini? Dawa, risasi, furaha ya wiki mbili tatu, basi. Njia panda inaweza kuwa na kelele nyingi na isibadilishe kitu, ijaribu kwanza kwenye karatasi kabla hujaipenda.

Ntakayoitumia mimi hapa chini ni ya ziwani. Wengi mnaijua hiyo vita lakini ntaipitia haraka maana bila hiyo hatuelewani. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wanalitawala ziwa Tanganyika zima kwa vyombo vyao, Kingani, Hedwig von Wissmann, na kubwa lao Graf von Goetzen iliyojengwa Papenburg Ujerumani, ikafunguliwa vipande kwenye masanduku kama 5,000, ikapandishwa treni mpaka Kigoma ikaungwa hapa na kushushwa majini mwanzoni mwa 1915. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, urefu mita kama 12 tu, kutoka London mpaka Cape Town, alafu reli, alafu zikavutwa milimani Katanga kwa matrekta ya mvuke na maksai, alafu mto, alafu reli tena, mpaka Lukuga, hapo ilipo Kalemie leo, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wajerumani hawakujua. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikatokea mbele ya Lukuga, zile boti zikaifuata kwa nyuma, na mzinga wake ulikuwa unapiga mbele tu, ikatekwa kwa muda wa dakika chache. Februari 9, 1916 Hedwig nayo ikazama.

Sasa mwanzoni mwa Desemba hiyohiyo kulikuwa na ofisa wa Kijerumani alitoka kwenye meli akaogelea kuchungulia kinachojengwa pale Lukuga. Akakamatwa na Wabelgiji. Njia panda yangu: hajakamatwa. Amerudi majini, ametetemeka, amepandishwa, ameripoti Kigoma kwamba pale kuna gati na njia ya kushushia boti. Imeisha. Sijaongeza hata bunduki moja.

Lipa gharama, na hapa nitakaa sana

Mwandishi anayeanza akifika hapa anaandika "na hivyo Wajerumani wakashinda vita". Subiri. Fungua ramani.

Wajerumani wakijua, Kingani haiendi kichwakichwa Lukuga siku ile, labda Goetzen inakwenda na mzinga wake kuipiga ile gati. Sawa, ziwa limebaki la Wajerumani. Je, Kigoma imepona? Haijapona. Manake majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Tombeur hayakutegemea kuvuka ziwa, mwaka 1916 yalishuka kutoka kaskazini kwa miguu, Kigali ikaanguka Mei, wakapita Burundi, na Kigoma wakaichukua mwisho wa Julai. Goetzen walizamisha wenyewe Wajerumani tarehe 26 Julai 1916, wakapaka grisi mashine zake kwanza ili siku moja waje waitoe, na ilitolewa kweli na Waingereza 1924, toka 1927 ndo Liemba. Kwaiyo ziwa ukiwapa Wajerumani unakuwa hujawapa Kigoma. Umewapa muda.

Na muda ndo kila kitu kwenye nchi hii. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, kiangazi, ardhi kavu, mito inavukika. Sasa kama meli za Wajerumani bado zinatembea, zinaweza kushusha askari ufukweni nyuma ya safu za Wabelgiji, zinaweza kukata mizigo yao, safu zinachelewa wiki sita saba. Wiki saba kutoka mwisho wa Septemba ni Novemba. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa Novemba kuna nini. Mvua zimeanza, Malagarasi inavimba inatandaa mbugani, njia zinakuwa tope, na jeshi la maelfu ya watu limekwama katikati ya miombo halina chakula.

Umeona? Yule ofisa aliyeogelea hajashinda vita yoyote, amesababisha mvua ikute jeshi barabarani. Hicho ni kitabu cha pili chote. Na hakuna msomaji atakayesema umemlazimisha.

Gharama nyingine ni mzigo. Vita ya huku haikubebwa na farasi, mbung'o walimaliza wanyama, ilibebwa na watu. Fanya hesabu hii kwenye daftari lako kabla hujaandika shambulio lolote: chukulia mpagazi anabeba kilo 25, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, mzigo karibu wote ameula yeye, imebaki kilo moja. Kwaiyo ukitaka kupeleka chakula umbali huo kwa miguu unahitaji mpagazi wa kumlisha mpagazi wa kumlisha askari, na ukiongeza mtungi wa maji na masanduku ya risasi ndo unaelewa kwanini kila kampuni ilikuwa na mkia wa watu mrefu kuliko yenyewe. Upande wa Waingereza peke yake makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia laki moja, wengi kwa magonjwa na njaa. Ukiandika riwaya ya vita ya Tanganyika ambayo wapagazi hawamo au wapo sentensi moja, samahani, umeandika vita ya nchi nyingine.

Na reli. Ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi tu kabla vita haijaanza. Kila daraja linalolipuliwa kwenye stori yako lina siku za kutengenezwa, andika pembeni, usije ukalipua daraja sura ya nne alafu sura ya sita treni inapita inapiga honi.

Silaha vilevile. Vita ilipoanza jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa askari 2,500 hivi na Wajerumani mia mbili na kitu, na kampuni nyingi bado zilikuwa na bunduki za muundo wa 1871 zinazotumia baruti nyeusi, ukipiga moja wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na kila adui anaona ulipo. Kitu kama hicho ni zawadi kwa mwandishi. Mapigano ya kuvizia kwenye majani marefu na bunduki inayotoa moshi, hofu imejiandika yenyewe hapo.

Nani anasimulia

Desturi ya mifululizo mikubwa ya aina hii ni kuwa na wasimulizi wengi, kila sura inaanza na jina la mtu, mahali na tarehe, alafu tunaiona vita kupitia macho yake, sura inayofuata tunarukia kwa mwingine upande wa pili. Inasaidia kwa sababu vita ni pana na mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali, na pia unaweza kumuua mmoja katikati ya kitabu msomaji akapigwa na butwaa.

Ila usizidishe. Watano wanatosha kitabu cha kwanza. Na wachague kwa kazi zao, sio kwa vyeo. Mimi kwa hii ya ziwani ningechukua fundi wa kuchochea moto kwenye boila la Goetzen, mvuvi wa Ujiji anayevuka kwenda upande wa pili kuuza na anasikia ya kule, mpagazi Mnyamwezi, karani wa simu ya upepo, yaani telegramu, stesheni ya Tabora ambaye habari zote zinapita mikononi mwake na haruhusiwi kusema, na mwanamke mmoja anayefuata kampuni ya mume wake, maana askari walikuwa wanatembea na familia zao na hao wanawake ndo walikuwa wanapika na kubeba. Majenerali waachie wenyewe. Lettow-Vorbeck apite kwa mbali, aonekane mara mbili tatu, aseme maneno machache. Ukimuingiza kichwani mtu wa kweli wa historia ukaanza kusema alichowaza usiku unajifunga, kila msomaji aliyewahi kusoma habari zake atakusahihisha.

Kwa watemi nako kuna heshima yake, koo zao bado zipo na wajukuu wanasoma simu kama wewe. Mtemi wa kweli mpe matendo yanayojulikana, hayo ya kubuni mpe mwanangwa wa kubuni aliye chini yake.

Kosa kubwa kabisa la aina hii ya uandishi ni wahusika kuelezana vitu wanavyovijua wote. "Kama unavyojua ndugu yangu, reli yetu ilifika Kigoma mwaka 1914 na sasa Wabelgiji wamevunja daraja, kwaiyo posho imepungua." Nani anaongea hivyo? Jaribu hivi:

Mnyapara akachota mtama, akausawazisha na kiganja. "Kibaba kimoja."
"Jana vilikuwa viwili, baba."
"Jana daraja lilikuwepo. Mwingine!"

Basi. Daraja, njaa, ukali wa mnyapara, heshima ya yule kijana, vyote vimo na hakuna aliyesimama kuhutubia. Ukiwa na kitu cha kumueleza msomaji, kipitishe kwenye tumbo, kwenye miguu, kwenye bei.

Na majina ya vyeo jamani. Askari wa Mjerumani walikuwa na vyeo vyao, ombasha, shaushi, sol, mpaka efendi juu kabisa. Ukiandika "koplo" na "sajenti" upande wa Wajerumani mtu anayejua anafunga simu palepale. Pesa nazo: rupia na heller. Tabora yenyewe 1916 Wajerumani walipoishiwa walipiga sarafu kwenye karakana ya reli, za shaba za heller, na zile za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, dhahabu ya Sekenke. Muwekee mhusika wako moja kwenye pindo la shuka, ahangaike nayo mfululizo mzima, kila anapotaka kuitumia hakuna mwenye chenji.

Nyaraka za kubuni

Hii ni desturi naipenda kuliko zote. Mwanzo wa sura unaweka kipande cha simu ya upepo, barua, tangazo la gavana, ukurasa wa gazeti, vyote vya dunia yako mpya. Kwa mistari minne unamjulisha msomaji kilichotokea Dar es Salaam na Ulaya bila kumpeleka. Kulikuwa na gazeti la Kiswahili la Kiongozi likitoka Tanga enzi za Mjerumani, kwaiyo ukibuni gazeti la namna hiyo kwenye stori yako haliwi jambo la ajabu, ila lipe jina lako mwenyewe. Barua za watu wa Ujiji na Tabora wakati ule nyingi ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mhusika wako anaweza kuwa anajua kuandika vizuri kabisa na Mjerumani akamuona hajasoma, hapo kuna mkasa mzima.

Ziwe fupi. Na zipingane. Simu ya jeshi inasema "tumerudi nyuma kwa mpangilio", sura yenyewe inaonyesha watu wanakimbia wameacha masufuria motoni. Ila ukizirusha kwenye magrupu weka wazi kwamba ni za kubuni, nimeona "nukuu" za kubuni za watu wa kweli zinazunguka zinaaminiwa, baadaye mwanafunzi anaziandika kwenye mtihani.

Kumkonyeza msomaji

Kuna ule mchezo ambapo mhusika anasema jambo ambalo kwetu lilitokea kweli, na yeye analicheka. Fundi wa Goetzen anafuta jasho anasema "hii meli wangeizamisha, nani angehangaika kuitoa, ingeoza tu," na msomaji aliyewahi kupanda Liemba kwenda Kasanga anatabasamu. Tamu sana. Mara moja kwa kitabu, mbili ukizidi. Ukifanya kila sura inakuwa kama mtu anayekupiga kiwiko kila anaposema utani wake.

Mfululizo wenyewe

Kama unarusha kwa sehemu kwenye Facebook au WhatsApp, na wengi wetu ndo tunavyoanza, kila sehemu iishie pabaya, hilo mnalijua, ITAENDELEA na watu wanakutukana kwenye komenti. Ila kwa vita mbadala usiishie kila mara kwenye bastola kichwani. Ishia kwenye habari. Karani wa Tabora amepokea simu, amesoma, ameinuka kaenda kufunga dirisha, itaendelea. Hiyo inawatesa watu zaidi ya bastola.

Weka daftari. Sio kichwani, daftari kabisa, au faili kwenye simu. Upande mmoja tarehe za historia ya kweli, upande wa pili za kwako, nani yuko wapi, nani kafa, kampuni gani ina watu wangapi, daraja gani zima. Ukifika kitabu cha tatu kuna msomaji mmoja, kila mwandishi anaye, atakuuliza yule shaushi aliyekatwa mkono wa kushoto pale Usoke amepandaje ngazi kabeba bunduki na taa, na unatakiwa uwe na jibu.

Kurudia yaliyopita kwa wanaoanza na kitabu cha pili, aya mbili zinatosha na ziwe mdomoni mwa mtu. Mzee anamsimulia mjukuu vibaya, anachanganya, anajisifia. Msomaji wa zamani anacheka anavyokosea, mpya anapata picha.

Alafu kuna swali la ukubwa wa mabadiliko kadiri vitabu vinavyokwenda. Wengine wanapenda dunia ibadilike yote, kitabu cha tano hata London haitambuliki. Wengine wanairudisha taratibu ikafanana na ya kwetu. Mimi nasema fuata uzito wa njia panda yako. Ofisa kuogelea Lukuga hawezi kubadilisha kilichotokea Ufaransa. Kwaiyo kwenye mfululizo wangu Ulaya wanasaini kuacha vita tarehe 11 Novemba 1918 kama kawaida, na habari zinachelewa kufika huku kama zilivyochelewa kweli, Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, hapo ilipo Mbala ya Zambia leo, tarehe 25, wiki mbili baadaye. Kinachobadilika ni nani amekaa Tabora na Kigoma siku habari zinafika.

Na hilo sio dogo hata kidogo. Kwenye historia ya kweli Wabelgiji kwa kuwa walikuwa wamekalia nchi yote hii mpaka Tabora walipata cha kuwekea mezani, wakaondoka na Rwanda na Burundi, na kwa mkataba wa 1921 wakapewa eneo lao bandarini Kigoma na Dar es Salaam. Sasa wewe wa kwako walikwama topeni Novemba 1916, hawakuiona Tabora. Mezani wanaweka nini? Mpaka wa Kigoma unapita wapi? Muha wa Kasulu anaenda kulipa kodi kwa nani? Kitabu cha mwisho hakina haja ya mapigano makubwa, kinaweza kuwa watu wamekaa kwenye chumba Ulaya wana ramani isiyo na jina la kijiji cha mhusika wako hata kimoja, huku yeye analima.

Jambo la tahadhari kidogo. Kigoma tumeishi na wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka yote, msomaji wako anaweza kuwa mtu aliyevuka hili ziwa usiku ana mtoto mgongoni, vita kwake sio sura ya kitabu. Kwaiyo mauaji ya kweli ya karibuni usiyafanye kuwa kibwagizo cha kushangaza watu. Na utumwa wa Ujiji na Tabora usiupitie kwa pembeni, mwaka 1915 wazee waliouzwa utotoni walikuwa bado hai wanaishi mitaani na waliowauza, mwandishi anayekwepa hilo anakosa nusu ya watu wake.

Ya kuanza nayo: usianze na vita. Sura ya kwanza iwe siku ya kawaida kabla ya njia panda, kila kitu kama kilivyokuwa, ili msomaji akuamini. Andika hiyo, alafu mpelekee mtu aliyefanya kazi kwenye meli na mwingine wa reli, sio rafiki yako wa kusema "kali sana kaka". Wa meli muulize tu boila lilichukua muda gani kupata mvuke, maana kama Goetzen kwenye stori yako inawaka na kuondoka dakika tano baada ya king'ora, atakupigia kabla hajamaliza ukurasa.